Baraza la Shangazi Tatu

Vijana wangu, hasa ninyi mnaopita mitaani na makaratasi na simu zenu mkiuliza watu basi lisimame wapi na nani anashindwa kulipanda, someni haya taratibu. Mimi sikusoma sana. Kalamu niliishika ukubwani, kwenye kisomo, na mpaka leo naishika kama mwiko. Lakini jambo hili nalijua kuliko ninyi, kwa sababu niliwahi kuliharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nakumbuka asubuhi ile Mzee Sefu, balozi wetu wa nyumba kumi pale Kariakoo, alipopita akigonga mlango mmoja mmoja. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu. Alisema ofisi ya mji imepata mshauri wa kuisaidia kupanga upya vituo vya mabasi, ili kila mwananchi aweze kupanda, na keshokutwa mshauri huyo atakuja mtaani kwetu kujionea basi la asubuhi likipakia.

"Mtaa uwe safi," akasema. "Na wewe Hadija ndiye utakayezungumza naye, maana umepata cheti cha kisomo."

Kichwa kikanivimba. Cheti chenyewe hakikuwa na hata miezi mitatu.

Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ya vyumba sita. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barazani, alikaa Shangazi Tatu, dada wa baba mkwe wangu. Homa ya utotoni ilimwachia miguu isiyo na nguvu, hivyo alitembea kwa viganja, kandambili kazivaa mikononi. Msimwonee huruma haraka, yeye mwenyewe hakuipenda. Alikuwa fundi katika ushirika wa ushonaji Buguruni, anashona sare za shule kwa cherehani cha mkono, na kila siku alikwenda kazini kwa basi, peke yake.

Mtauliza aliwezaje. Kituo kilikuwa mbele ya nyumba yetu, na baraza letu lilikuwa la juu, limelingana na sakafu ya basi. Dereva akilisogeza karibu, Shangazi hujisukuma kutoka barazani akateleza mpaka ndani. Alifanya hivyo miaka na miaka, hata ule ukingo wa saruji ukalainika na kung'aa kama kibuyu cha zamani. Kondakta akimwona hupiga kelele, "Pisheni, mwenye basi huyo!" Naye hujibu, "Lingekuwa langu, wewe ningekufukuza juzi." Watu wanacheka, basi linaondoka.

Sasa, mwanangu, wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulifanya kinyume. Kwetu mgeni akija hutandikiwa mkeka mpya, ule uliotoboka unasukumwa uvunguni. Basi tukafagia, tukapaka chokaa, tukaondoa hata zile mbao mbovu tulizovukia mtaro wa kuelekea barabara kubwa ili pasionekane pachafu. Asubuhi ya siku yenyewe nikabaki kumtazama Shangazi, anajiandaa kwenda kazini.

"Shangazi," nikamwambia, "leo pumzika ndani. Wageni wa ofisi wanakuja. Nitakuletea uji."

Alinitazama kidogo. "Mkeka uliotoboka," akasema. Akajivuta chumbani kwake, akashusha pazia.

Mshauri alikuwa kijana wa Kichaga, mwembamba, daftari mkononi na futi ya kupimia mfukoni. Wala hakuja kutudharau. Aliuliza vizuri tena kwa upole: "Ndugu Hadija, kuna mtu hapa anayepata tabu kupanda basi? Mzee, mgonjwa, mlemavu?"

"Hakuna, ndugu. Sote wazima."

Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa baraza. "Na hapa pamesuguliwa na nini?"

"Watoto," nikasema. "Wanacheza."

Akaandika. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akikohoa, mara moja tu.

Ningeweza kuwaambia kwamba niliogopa. Siku zile mji ulikuwa na misako ya wasio na kazi, wanapakiwa kwenye magari wakalime, na watu wengi tuliogopa karatasi yoyote yenye majina. Hofu hiyo ilikuwapo. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Niliona haya. Nilitaka mgeni aondoke akisema mtaa wa Hadija ni mtaa wa watu waliokamilika.

Mwezi haukuisha, kituo kikahamishwa barabara kubwa, ng'ambo ya mtaro. Mshauri alikuwa na sababu zake: mtaa wetu mwembamba, mabasi yanakwaruzana, na aliyeulizwa alijibu kwamba hakuna atakayeumia.

Siku ya kwanza Shangazi alikwenda. Mbao hazikuwapo tena. Wanaume wawili walimnyanyua kwapani wakamvusha, wakampandisha juu juu kama gunia la mkaa, na kanga yake ikaanguka matopeni mbele ya umati. Kondakta yule yule alikuwapo mlangoni. Hakutania.

Saa sita haijafika, Shangazi akarudi. "Jana nilipanda basi," akasema. "Leo nimepakiwa." Hakwenda tena. Tulibembeleza, mume wangu akajitolea kumbeba kila siku. Akakataa.

Wiki ya sita alikuja fundi mwenzake kutoka Buguruni, kasimama mlangoni anazungusha maneno. Mwishowe akasema: cherehani kimepewa mtu mwingine, maana sare hazingoji. Alipoondoka Shangazi akaniita.

"Hadija, kaa." Nikakaa chini, kwenye sakafu. "Siku ile uliulizwa habari zangu, nami niko hatua tatu nyuma ya pazia. Ukajibu wewe. Ulimi wangu alikupa nani?"

"Shangazi, niliogopa msako..."

"Msako? Mimi nina kadi ya kazi! Wewe unayo?" Sikuwa nayo. "Mficha uchi hazai, Hadija. Na tena wewe hukuficha wa kwako. Umeficha wangu, na mtoto aliyekosekana ni kazi yangu." Nikaanza kulia. "Futa hayo machozi, hayashoni nguo. Kesho kanitafutie mkokoteni."

Kesho yake tukaenda mjini mchana kweupe, Kariakoo mpaka ofisi ya mji kule Posta, Shangazi kakaa juu ya mkokoteni, mimi pembeni kwa miguu. Nilitaka kumfunika kanga, nikasingizia jua. "Acha wanione," akasema. Msukuma mkokoteni akawa anapiga kelele, "Pisheni mzigo! Pisheni mzigo!" Shangazi akamchapa kandambili ya mkono begani. "Mzigo ni babu yako! Sema pisheni abiria." Na yule bwana akasema hivyo hivyo njia nzima, sokoni watu wanatupisha.

Mshauri tulimkuta. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyenisaidia: nilikudanganya. Akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: "Wenye tabu ya kupanda, hakuna. Ukingo wa baraza, watoto. Msemaji, Ndugu Hadija." Jina langu kaliandika vizuri kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

Akalifunga. Akachuchumaa mpaka akawa sawa na Shangazi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto waliosugua baraza ni mimi."

"Basi nifundishe," akasema.

Siku iliyofuata alikuja na futi yake. Mimi hakunigeukia. Alimwuliza Shangazi, akapima alipoambiwa apime: baraza lilivyo juu, mkono unashika wapi, basi linasogea kiasi gani. Ofisi ikaupokea ushauri wake. Masika yalipokwisha, mtaro ulifunikwa kwa zege pale kituoni, ikajengwa na ngazi pana ya saruji ya vipandio vifupi, juu sawa na baraza letu. Wajawazito waliifurahia, wazee wakaifurahia, hata wachukuzi wa sokoni.

Shangazi alipanda basi tena, mwenyewe. Lakini cherehani hakikurudi. Alipewa kazi ya kushona vifungo, akaifanya mpaka macho yalipomwishia, na kosa langu hakulitaja tena hata siku moja. Ningeona nafuu kama angelitaja.

Wanangu, nasaha yangu ni hii. Mkiitwa kuwashauri wakubwa wa mji, msiuamini mtaa uliofagiliwa. Tafuteni palipolainika, muulize nani hupita hapo, wala msiandike jibu mpaka ajibu mwenyewe. Na ninyi mnaoulizwa, msimjibie mtu aliye hai na mwenye ulimi wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aibu mnayodhani mnamwondolea ni yenu. Yeye alikuwa akienda kazini.

Mungu awape macho ya kuona na masikio ya kungoja, na miguu yenu iwafikishe mnakokwenda, na siku itakapochoka mkutane na watu watakaowauliza ninyi wenyewe.

Mimi yangu imechoka. Sasa naishi Magomeni kwa mwanangu, naenda kwa fimbo. Leo asubuhi kuna wageni wanaokuja kuuliza habari za vituo vya mabasi, na nimeamka nakuta uwanja umefagiliwa, mkwe wangu kaja na kikombe cha uji. "Mama," ananiambia, "wewe pumzika ndani, tutawajibia."

Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: Chukueni kiti changu mkiweke nje, mbele kabisa, penye mtaro. Wakiuliza, nyamazeni.