Darubini yangu ya kwanza Lodwar, na miezi mitatu niliyoamini napofuka

Wakuu, ejok. Ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana, asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hata mvivu hana kisingizio.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu anunue darubini gani ya kuanzia kutazama ndege. Akajibiwa na watu wengi, kila mmoja na namba zake. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa, maana darubini yangu ya kwanza nusura inifanye nijizike nikiwa hai.

Nitasimulia ilivyokuwa. Msiwe na shaka kuhusu ukweli wake. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mwaka jana, 2012, nilihamishwa kutoka Kakamega kuja ofisi ya maji Lodwar. Umri arobaini na saba, digrii ya jiografia, miwani, na tabia ya kuandika makala ndefu ambazo mke wangu husoma aya ya kwanza na ya mwisho. Kazi yangu ni kukagua visima. Karibu kila wiki mbili tunapanda gari la ofisi na dereva wetu, Ekal, kwenda Kakuma.

Safari ya pili tu, tulisimama kwenye kivuli cha migunga kando ya Tarach, ule mto wa Kakuma ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Ndege akapita juu yetu. Mdogo, kijivu mgongoni, mweupe tumboni, mkia umegawanyika kama mkasi uliofunguliwa. Hakupiga mabawa hata mara moja. Alielea pale kana kwamba hana pa kwenda, halafu akaenda.

Nikamuuliza Ekal huyo ni nani. Akanipa jina la Kiturkana, ambalo nimelisahau mara tatu.

"Huyu anakuja na mvua," akasema. "Mvua ikiisha, ameenda."

"Atarudi?"

"Mvua ikirudi. Sasa mkubwa, umekuja kuangalia kisima ama ndege?"

Kitabu kiliniambia ni jamii ya mwewe, na kwamba jicho lake ni jekundu. Hilo ndilo lililonishika. Nilikuwa nimemwona ndege mzima na sikuliona jicho. Nikaapa kwamba mvua za mwaka unaofuata zitanikuta na darubini, na lile jicho nitaliona.

Sasa ununuzi. Hapa msomi aingie ukumbini.

Desemba nilienda likizo nyumbani, na siku ya kurudi nikapitia duka moja Kitale. Mezani kulikuwa na darubini mbili. Ndogo imeandikwa 8x30, kubwa 20x50. Sikuuliza namba zina maana gani. Mtu aliyelelewa na mitihani akionyeshwa nane na ishirini, anachukua ishirini.

Muuzaji naye alinijua mara moja. "Hiyo ndogo ni ya watalii wa siku moja, boss. Hii hapa, ukiwa Lodwar, unaona Uganda."

Sikujiuliza nikishaiona Uganda nitaifanyia nini. Niliegemea mwimo wa mlango, nikalenga bango la ng'ambo ya barabara, herufi zikanijia kubwa kama milango. Nikalipa.

Ekal alikuwa amekuja Kitale na gari kuchukua spea za pampu, kwa hiyo tulirudi pamoja. Nilikuwa na katoni ya parachichi za wenzangu ofisini. Aliyewahi kuishi Lodwar anajua: parachichi bivu hapa linakupa heshima ambayo digrii haikupi. Katoni ile niliipakata kama mtoto mchanga, tukapita Kapenguria, tukateremka Marich, tukapita mashimo yote ya Kainuk. Darubini niliiweka chini ya kiti, karibu na jeki.

"Hiyo ya macho haibebwi?" Ekal akauliza.

"Iko kwenye mfuko wake."

Parachichi zilifika bila alama hata moja.

Januari nikaanza kazi. Kila asubuhi kabla ya ofisi nilikuwa ukingoni mwa mto Turkwel, chini ya mikoma, na dude langu shingoni. Tatizo la kwanza lilijitokeza siku hiyohiyo: lilitikisika. Ukikuza mara ishirini, unakuza na mapigo ya moyo wako mwenyewe. Ndege alirukaruka mle ndani kama maharagwe kwenye sufuria. Ilipokaribia saa mbili joto lilipanda kutoka mchangani, kila kitu kikawa kinaogelea.

Nikajiambia ni uzoefu tu. Nikaanza kuliegemeza juu ya boneti la gari.

Lilipotulia ndipo nikaona tatizo la pili. Ndege walikuwa wawili.

Nikifumba jicho la kulia, ndege mmoja, safi. Nikifumba la kushoto, mmoja, lakini ana ukungu. Nikifumbua yote, wawili, mmoja amepanda bega la mwenzake. Baada ya dakika kumi kichwa kinagonga nyuma ya jicho la kulia.

Hapa inabidi nimtaje baba yangu.

Alikuwa fundi cherehani. Alipofuka akiwa hajafika sitini, kwa presha ya macho, na alianza na jicho moja. Sisi hatukujua. Alificha. Alisalimia watu kwa kusubiri sauti zao, uzi akamwachia mama atunge. Tulijua siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, akasema kwa utulivu, "Kikombe kimesogea." Hakuna aliyecheka; mke wangu alifuta meza.

Kwa hiyo mimi sikuhitaji daktari. Nilijipima mwenyewe, nikajihukumu mwenyewe, nikanyamaza. Miezi mitatu. Mke wangu akipiga simu aliuliza, "Ndege wanaonekana?" Nikamjibu, "Tena wengi." Haikuwa uongo. Kila mmoja alikuwa wawili.

Msifikiri niliacha kutazama. Niliongeza bidii. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mvua zinakuja karibu Aprili, jicho la kulia linaondoka, basi lisiondoke kabla halijaliona lile jicho jekundu. Niliamka mapema zaidi. Nilizungusha gurudumu la katikati mpaka kidole kikaota sugu. Ekal, kwa macho matupu, alikuwa akinielekeza kwa kidevu:

"Mkubwa, ameshuka. Amekula. Amejikuna. Ameenda. Wewe bado unazungusha?"

Mwishoni mwa Machi tukiwa njiani kwenda Kakuma, aliniona darubini iko mapajani, nimefunika jicho kwa kiganja nikitazama vilima.

"Hiyo kitu imeharibika," akasema.

"Si hii, Ekal. Ni jicho."

Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka. Alilipita kwanza lori la mizigo lililokuwa likielekea Nadapal, mpakani na Sudan Kusini.

"Hiyo jicho inaharibika ukiwa na darubini peke yake?" akauliza. "Juzi umesoma namba ya lori mbele yangu."

Swali lilitaka akili. Nilikuwa na digrii tu.

Tulipofika Kakuma hakupitia kisimani. Aliingia moja kwa moja soko la kambi ya wakimbizi, akasimama kwenye kibanda cha mabati cha Papa Deo, Mkongomani kutoka Bukavu anayetengeneza kamera na redio. Papa Deo aliipokea darubini, akaipindua, wala hakuiweka machoni. Aliishika mbali, mkono umenyooka, akailenga paa la kanisa la upande wa pili.

"Papa, kuja angalia. Usikaribie. Mustari ya juu ya iyi nyumba, iko moja ao mbili?"

Niliangalia. Kwenye kioo cha kushoto ukingo wa paa ulikuwa katikati. Kwenye kioo cha kulia ulikuwa umeshuka, kama ngazi iliyovunjika.

"Mbili."

"Na nyumba iko ngapi?"

"Moja."

"Basi! Macho yako iko muzima. Iyi njo mugonjwa. Kioo ya ndani ilitoka ku nafasi yake. Uliangusha?"

"Sijawahi hata siku moja."

Nyuma yangu Ekal akakohoa. "Parachichi," akasema.

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye kreti ya soda ya watu. Papa Deo akaendelea kunivua nguo. Ule ukungu je? Akanionyesha kwamba kioo cha kulia cha kutazamia kinazunguka chenyewe. Unafumba jicho la kulia, unasafisha picha ya kushoto kwa gurudumu la katikati. Halafu unafumba la kushoto, unazungusha ile pete ya kulia mpaka picha isafike. Mara moja tu, umemaliza. Miezi mitatu nilidhani pete ile ni urembo.

Dude langu hakuweza kulinyoosha, lakini alilitaka kwa spea. Akatoa sandukuni nyingine, 8x30, rangi imekwanguka mahali pa vidole. Iliachwa na rubani mmoja zama za ndege nyingi za misaada kule uwanja wa Loki. Tukabadilishana, nikaongeza kidogo. Akanikunjia mipira iliyozunguka vioo vya kutazamia kwa sababu ya miwani yangu, nikatazama waya wa umeme.

Shomoro. Ametulia. Mmoja, wakuu. Mmoja.

Katika furaha ile nikamsimulia hofu yangu na habari za baba, kama kichekesho. Papa Deo hakucheka.

"Baba alikufa kipofu? Na weye unaogopa miezi tatu, hauendi kwa munganga? Mimi ni fundi ya mashine, papa. Ile ya kwako sikufungua."

"Lakini umesema macho mazima."

"Inaona moja. Njo nilisema. Enda ku hopitali."

Nilisema nitaenda. Mnajua sauti ya mtu asiyekusudia kwenda. Ekal naye anaijua. Kesho yake asubuhi Lodwar, badala ya kona ya ofisi, alikata kona nyingine na kusimamisha gari mbele ya kliniki ya macho. Akazima injini.

"Mimi nasubiri hapa," akasema. "Hata mpaka jioni."

Sista wa macho alinitia matone, akanisogeza kwenye kile kimashine cha kuegemeza kidevu, akamulika, akapima, akaandika, akapima tena.

"Jicho la kulia liko sawa kabisa, mzee."

Nikaanza kuinuka.

"Kaa kwanza. Ni hili la kushoto."

Presha ilikuwa imepanda. Mapema, akasema, bado hujapoteza kitu. Akaniuliza kama nilikuwa nimeona dalili yoyote. Nikamwambia hapana, hilo ndilo jicho nililokuwa nikiliamini.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Haiumi. Haisemi."

Jioni ile nilimpigia mke wangu, nikamweleza yote kuanzia katoni ya parachichi. Alisikiliza yote, hata aya za katikati. Halafu akasema, "Ungeniambia kikombe kimesogea, ningekuja." Sikuwa nimejua kwamba anaikumbuka siku ile.

Mvua zilinyesha Aprili. Tarach ilishuka na maji ya kahawia, na siku ya tatu baada ya hapo mkia wa mkasi ukatokea juu ya migunga. Nikainua 8x30. Ndege alikuwa mdogo mle ndani, mdogo kuliko nilivyozoea, lakini ametulia tuli. Aligeuza kichwa.

Jekundu. Kama punje ya komamanga.

Nilimpa Ekal darubini haraka. Yeye amemwona ndege huyu tangu azaliwe, nilidhani atamtazama kwa kunihurumia tu. Alikaa nayo muda mrefu.

"Aa," akasema. "Kumbe ana jicho namna hiyo."

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: chukua nane, achana na ishirini. Vaa miwani yako unapoijaribu. Usiegemee mwimo wa mlango, ndege hawakai madukani. Njiani ipakate, parachichi zikae chini ya kiti. Na kama mzee wako alipofuka, nenda kapimwe macho wiki hii, hata kama unaona ndege mmoja mmoja.

Wenye darubini zenu, tokeni nje mkaishike mbali, mkono umenyooka, mlenge paa la jirani. Mrudi hapa mniambie mmeona mistari mingapi, na nani alaumiwe, barabara au mlichokuwa mmepakata. Nitasoma yote nikishaweka matone yangu.