Panya Waliopewa Maji Tu

Kazi pekee niliyowahi kufukuzwa ni ya kulisha panya, na aliyenifukuza ni mdogo wangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Yeye ni wa tatu kuzaliwa kwetu, mimi ni wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili, na baada ya msiba sikurudi shule. Nilienda kulima shamba letu la Mutuka, na jioni nikawa mama wa watoto wanne, mmoja wao akiwa amenizidi kimo. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema ili ieleweke jinsi nilivyokuwa nikigawa chakula. Nyumbani kwetu ugali ulikatwa kwa uzi, vipande vitano, na aliyekata alichukua cha mwisho. Huyu mdogo wangu alikuwa akipiga magoti mbele ya meza, jicho likiwa sawa na sahani, kukagua kama kipande cha mwenzake hakijanenepa.

Sasa yuko chuo kikuu, anasomea dawa. Mwaka huu alirudi Babati kufanya utafiti wake wa majani ya mlonge. Alinieleza hivi: mtu akivimba goti hununua vidonge vya maumivu, na vidonge vinasaidia, lakini akivitumia muda mrefu vinamchoma tumbo. Mama jirani yetu hapa Singe ni ushahidi unaotembea, au tuseme unaochechemea. Goti lake lilipopata nafuu, tumbo likaanza. Mdogo wangu alitaka kujua kama ndani ya mlonge kuna kitu kinachotuliza uvimbe kwa upole zaidi. Na kabla mtu hajapewa, lazima panya wapewe kwanza.

"Kwa hiyo panya watatibiwa kabla yangu?" mama jirani aliuliza, akitukuta tunaanika majani kivulini.

"Shikamoo, mama," mdogo wangu akasema.

"Marahaba. Nijibu."

"Wanaonja tu, mama. Ikiwa na madhara, wayapate wao."

"Na ikiwa nzuri?"

"Utapata na wewe, baadaye."

"Haya. Waambieni wasimalize."

Panya walikuwa kumi na nane, weupe, wenye macho mekundu, kwenye chumba alichoazimwa katika kituo cha mifugo. Kibali chake kilimruhusu kufanya jaribio hilo mara mbili tu. Aliwagawa makundi matatu, sita sita. Kundi la kwanza lilipewa maji ya mlonge kila asubuhi kwa siku saba. La pili lilipewa dawa ile ya dukani. La tatu lilipewa maji matupu. Siku ya nane wote wangechomwa sindano ndogo ya kuvimbisha mguu mmoja wa nyuma, kisha angepima miguu ya kundi lipi imevimba zaidi. Uvimbe wenyewe, aliniapia, ungeisha baada ya siku mbili.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kubadilisha maranda ya kulalia, kuweka chakula, na kumwaga dawa iliyobaki baada ya yeye kumaliza na kwenda kuandika kwenye chumba cha pili.

Hapo kwenye kumwaga ndipo tatizo lilipoanzia.

Siku ya kwanza nilishika chupa mkononi nikatazama. Majani hayo niliyachuma mwenyewe Nakwa, nikayabeba, nikayaanika, nikayatwanga. Ilikuwa imebaki robo chupa. Nikageuka nikawaona wale sita wa maji wamesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kwenye waya, pua zinacheza. Walikuwa wameona wenzao wote wakipewa kitu. Mmoja wao alikuwa na sikio lililokunjika kidogo, na alinitazama namna ninayoijua.

Nikachukua bomba la sindano lisilo na ncha, lile alilokuwa akiwanyweshea dawa, nikawapa matone sita kila mmoja. Wa kidonge sikuwapa, kwa sababu walikuwa na cha kwao.

Nilifanya hivyo siku zote saba. Sikuona kama naiba wala naharibu. Mdogo wangu aliniambia wale wanapewa maji ili kulinganisha, na mimi nikaelewa kwamba mlonge haukutosha wote, hivyo baadhi wakakosa. Mtu akikosa, na chakula kimebaki, anapewa.

Siku ya nane akawachoma. Saa tatu baadaye akaanza kupima kwa kifaa chenye midomo miwili kama koleo, mimi nikimshikia panya. Wa mlonge miguu ilikuwa imevimba kidogo sana. Wa kidonge vivyo hivyo. Akafika kwa wa maji, akapima wa kwanza. Akapima wa pili. Akapima wa kwanza tena.

"Hawa hawajavimba," akasema.

"Mungu mkubwa," nikasema kwa furaha.

"Dada, hawa walitakiwa wavimbe."

"Kwa nini watakiwe?"

Alipomaliza wote sita aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Maji na mlonge vimetoka sawa," akasema. "Maana yake mlonge hauna kitu. Miaka miwili yote nimefukuza majani." Akatoa simu ampigie mwalimu wake amwambie hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Nilikiri kwa sauti ndogo niliyokuwa naitumia kwa padri nikiwa msichana.

"Hao nao walikunywa."

"Walikunywa nini?"

"Iliyobaki. Uliniambia nimwage."

Aliweka simu chini. "Ulimwaga kwenye midomo yao?"

"Matone sita sita. Sikumpendelea yeyote."

"Dada, nenda nyumbani. Kesho usije."

Nilienda. Nilitembea mpaka Singe na aproni kiunoni, na mama jirani akaniuliza kama panya wamefunga kazi. Nikamwambia mimi ndiye niliyefungwa.

Kesho yake, nikiwa napalilia, mdogo wangu alikuja mpaka kwenye tuta nililokuwapo, simu mbele kama sinia. Mwalimu wake alitaka kuzungumza nami. Nilifuta mkono kwenye kanga kwanza, kana kwamba angeuona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Uliwapa matone mangapi?"

"Sita."

"Kila siku?"

"Kila siku saa nne. Jumapili ilikuwa saa sita, ibada ilichelewa kuisha."

"Hakuna aliyepata saba?"

"Kwangu mimi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali. Alisema majibu yale hayafai, kwamba limebaki jaribio moja tu, na kwamba bila panya wasiotibiwa hakuna mtu duniani atakayeamini kwamba wengine wametibiwa. Hilo nililielewa. Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo kabla.

"Umerudishwa kazini," mdogo wangu akasema baada ya kukata simu. "Dawa inayobaki namwaga mimi, wewe ukiwa nje ya mlango."

"Na wa maji nani atawapa maji?"

"Mimi."

"Nipe hiyo kazi. Kama ni maji tu, wayapate kwangu."

Alifikiri, akakubali.

Panya wapya kumi na nane walifika juma lililofuata. Kwa siku saba niliwapa wangu maji matupu, nikawatazama wakiramba midomo wakitafuta ladha isiyokuwepo, nikatoka nje kila chupa ilipofunguliwa. Siku ya tano nilimwimbia mmoja. Mdogo wangu alisema kuimba hakujakatazwa kwenye kibali, lakini kama ni hivyo niwaimbie wote kumi na nane, na wimbo uwe mmoja. Nikawaimbia.

Siku ya nane alichoma, tukasubiri saa tatu, akapima. Wa mlonge walikuwa karibu sawa na wa kidonge. Nikamshikia wa kwanza wa maji. Mguu wake ulikuwa mnene, mwekundu, ameuinua hautaki kugusa kiganja changu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, kisha nikaona aibu kumfurahia mgonjwa niliyemshika mkononi.

"Dada, unalia au unacheka?" mdogo wangu akauliza, kalamu ikiwa bado hewani.

"Wewe andika namba," nikamwambia. "Bado watatu."