Kitambaa Chekundu kwenye Namba Tisa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha nguo Kihonda, msimamizi wa zamu, Mzee Mloka, aliniangalia akasema, "Wewe ni spea." Nimeishia darasa la nne, nikadhani natukanwa. Akanielewesha kuwa ni neno la Waingereza, lilikuja na mafundi wao. Chuma cha akiba ni spea, tairi la ziada la lori ni spea, na mtu anayesimama getini akingoja mwenye kazi augue, naye ni spea. Padri mzungu wa kwetu Mgeta aliniongezea kwamba kwao lina maana nyingine, kumwacha mtu aishi. Hiyo kiwandani sikuwahi kuisikia.

Nilisimama getini miezi minane, ndipo nikapewa mashine ya kufuma, namba tisa.

Vipuri havikuwa vinakuja. Tulitenga mashine moja, tukaiita mama, tukawa tunaing'oa kifaa kimoja kimoja kulisha nyingine. Kila palipong'olewa kitu tulifunga kitambaa chekundu, ili siku vipuri vikija kirudishwe. Mhandisi Kiongozi, Bwana Lukindo, alikuwa akitusifu mbele ya wageni kwa utaratibu huo.

Ukaja wakati wa soko huria. Mitumba ikajaa sokoni Msamvu, kiwanda kikatangazwa kinauzwa. Lukindo akatukusanya, akasema, "Fungeni kitambaa kila palipopungua, hata skrubu. Mnunuzi ataleta vipuri." Tukamwamini. Namba tisa ilikosa skrubu moja ya kifuniko tu, na ilikuwa inafuma. Nikaifunga kitambaa.

Mnunuzi alipita na karatasi. Kila penye chekundu aliandika mbovu. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hii inafanya kazi. Niruhusu niiwashe uone."

Lukindo akanijibu yeye. "Bruno, usimpotezee mgeni muda."

Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba mnunuzi angesoma kila kitambaa kuwa ubovu. Mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, jengo likawa ghala la mitumba la mnunuzi, na msimamizi wa ghala akawa nani? Lukindo huyo huyo. Sisi tulitolewa wote, hata geti la kungojea hatukuachiwa.

Sasa nalima kabichi Mgeta. Vijana wakiniuliza nani aliua kiwanda, nawatajia Lukindo, kwa jina, bila kumung'unya maneno. Lakini namba tisa ilipandishwa lorini na kitambaa chake, na fundo lile nililikaza mimi.