Kiangazi chetu cha kwanza Ikutha, na tangi nililolijenga juu kuliko mvua

Wakuu, hamjambo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, nikiwasahihisha wengi wenu moyoni. Leo ni zamu yenu kunisahihisha mimi. Nitakayoyaeleza yana mashahidi kumi na mmoja walio hai. Wote ni majirani zangu na wote wangali wananicheka, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi, sina pa kuitilia.

Kwanza niwajulishe watu wenyewe, ili msipotee njiani.

Mimi ni mtu wa Murang'a, miaka thelathini na minne. Ninaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu makosa ya wanakili wa miswada ya kale. Kwa lugha nyepesi, nimetumia miaka mitano kuwatafutia marehemu makosa. Mke wangu, Mwende, ni muuguzi, mzaliwa wa Migwani, hukuhuku Ukambani kwenye ukame. Binti yetu, Wairimu, ana miaka minne na maswali yasiyo na idadi.

Mwezi wa tano Mwende alihamishiwa kituo cha afya huku Ikutha. Kwa kuwa tasnifu huandikika popote penye meza, tulikubaliana kuhama wote. Tukanunua kijishamba chenye nyumba ya vyumba vitatu, kuta za matofali, paa la mabati, bila gata ya kukinga maji ya paani na bila tangi.

Nikasimama uani, nikatangaza kwamba hapa ndipo nyumbani.

Mwende akanijibu polepole, kama anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa:

"Baba Wairimu, mimi nimebeba mtungi wa maji kwa mgongo tangu darasa la pili. Niliapa nikiolewa sitabeba tena. Hiki kiangazi tutanunua maji ya kuletwa na punda, sawa. Lakini mvua ya kwanza inyeshe na hii nyumba haina maji yake, mimi na Wairimu tunaenda kukodi Kitui town. Wewe utabaki hapa na vitabu vyako."

Hakuwa anatania. Ninamjua anapotania, huwa anacheka kabla hajamaliza.

Basi mambo yalikuwa hivyo, wakuu. Mvua ya kwanza ingekuta tangi lililo tayari, au ingekuta mimi ni mseja mwenye mke.

Tangi nililinunua Salama, kando ya barabara ya Mombasa, kwa muuzaji aliyevaa kofia ya sufu katika jua la saa saba mchana. Lita elfu tano, rangi nyeusi.

"Gata yako iko juu kiasi gani?" akaniuliza.

"Mita tatu nukta tisa," nikamjibu bila kusita, kwani nilikuwa nimepima mara tatu.

Akanitazama. "Hiyo ni nyumba ama ni kanisa?"

Nikamshukuru. Jioni ile, pikapu ilipokwisha kutufikisha nyumbani kupitia Kibwezi, nilifungua daftari jipya. Nikaandika kichwa, nikakipigia mstari kwa rula: *Maneno Mema ya Wenyeji*. Chini yake nikaandika: "Muuzaji wa Salama ameifananisha nyumba yetu na kanisa."

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze hesabu yangu, maana ilikuwa hesabu safi.

Nilitaka maji yateremke kutoka kwenye tangi yakiwa na nguvu, Mwende akifungua bomba la bafuni asingoje. Ili maji yawe na nguvu, tangi lazima liinuliwe. Kwa hiyo nilichora msingi wa mawe wa safu saba, mita moja na nusu. Tangi lenyewe lina mita mbili. Jumla mita tatu na nusu. Nyumba ina tatu nukta tisa. Nilikuwa na sentimita arobaini za ziada, nikajipongeza kwa uangalifu.

Nyumba niliipima kutoka ardhini hadi kileleni mwa paa, pale mabati ya pande mbili yanapokutana.

Wengi wenu mmeshaliona kosa. Mvua haitoki paani kupitia kileleni. Hutokea chini, ukingoni, na ukingo wa paa letu uko mita mbili nukta sita kutoka ardhini. Mimi kulitambua hilo kulinichukua miezi minne.

Fundi aliyejenga msingi ni Musyoka, mtu wa makamo, mpole, asiyependa kubishana. Alipofika safu ya tatu aliweka mwiko chini.

"Daktari, naomba kuuliza. Kwani maji hupanda?"

Kwanza nilimweleza kwamba mimi si daktari bado, na kwamba nikiwa daktari nitakuwa wa vitabu. Kisha nililichukua swali lake kama swali la sayansi. Nilimfundisha kuhusu mkandamizo wa maji kwa muda wa dakika ishirini, nikichora mchangani kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Akaendelea na safu ya nne.

Daftari: "Fundi Musyoka ana udadisi wa kisayansi. Amekiri elimu yangu."

Jirani yetu wa karibu ni Mama Mutheu, mjane mwenye mbuzi wengi na sauti inayofika sokoni kabla yake. Siku tangi lilipopandishwa juu ya msingi alikuja hadi fensini, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua.

"Baba Wairimu! Hiyo tangi inaona Kibwezi?"

Wiki iliyofuata: "Hiyo tangi mtaijaza na ngazi?"

Baadaye tena, akiwa na wenzake wawili: "Tumekuja kuonyesha hawa tangi yenu. Walikuwa wanakataa."

Yote niliyaandika. La mwisho nililitia nyota.

Hata kanisani. Jumapili moja ya mwezi wa tisa, jua likiwa limekausha mpaka mikwaju, mchungaji alituombea wageni. Akasema, "Na Bwana, tunakuomba ulikumbuke tangi la ndugu yetu, pale lilipo, karibu na wewe." Kutaniko likaitika amina kwa namna ya pekee, wengine wakikohoa, wengine wameziba midomo kwa leso. Mimi niliguswa. Niliandika: "Tumepokelewa."

Niwaambie kuhusu kiangazi chenyewe, kwa sababu wengine mtaniuliza.

Mchwa walikula kamusi yangu kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma. Vumbi lilituamkia kila asubuhi kabla yetu. Wairimu alijifunza Kikamba ndani ya wiki sita, akaanza kunitafsiria dukani, na tafsiri zake nilizitilia shaka. Siku moja alinieleza, "Baba, yule mama amesema tangi yetu ni ya ndege." Nikamwambia atakuwa hakusikia vizuri.

Mwende naye, Jumamosi zake za mapumziko, alitoka asubuhi amejifunga leso kichwani. "Naenda kwa akina mama," alisema. Alirudi mchana na vumbi mpaka kwenye nyusi, mikono imekauka. Sikumuuliza. Nilikuwa katika sura ya nne.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mawingu yalianza kujikusanya upande wa Mutomo. Ijumaa asubuhi, Mwende akiwa kazini, Musyoka alikuja kufunga gata. Alizifunga vizuri, zikang'aa ukingoni mwa paa. Kisha akachukua bomba la kuunganisha gata na tangi, akasimama nalo kama mtu aliyeshika fimbo katika nyumba ya wenyewe.

"Daktari. Gata iko hapa." Akanyoosha mkono usawa wa gata. Kisha akanyoosha kidole juu, juu sana. "Mdomo wa tangi uko pale. Sasa nifanye?"

Nilitazama gata. Nikatazama tangi. Nikaenda ndani, nikaleta futi, nikapima, kana kwamba futi ingenihurumia. Mdomo wa tangi ulikuwa juu ya gata kwa sentimita tisini.

Nilipendekeza bomba lishuke kwanza, kisha lipande kwa kasi.

"Lile swali langu la mwezi wa saba ulinijibu kwa kirefu," Musyoka akasema, bila ubaya wowote. "Sasa ongea na maji yenyewe."

Nilikaa kwenye kivuli cha tangi. Kilikuwa kivuli kizuri, kirefu, na ndicho kitu pekee ambacho tangi lile lilikuwa limezalisha. Niliwaza pampu, na umeme bado hatukuwa nao. Niliwaza turubai. Niliwaza kumwambia Mwende kwamba mvua za mwaka huu si za kutegemewa. Mwishowe, nikiwa nimetumia elimu yote niliyokuwa nayo, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tuhamie. Nilivuka fensi kwenda kuomba msaada.

Mama Mutheu alikuwa anapepeta pojo.

"Mama Mutheu, nina shida. Tangi langu liko juu mno."

Aliweka uteo chini taratibu. "Aiii. Imeonekana leo?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Hatukukuambia? Mimi peke yangu nimekuambia mara tatu! Musyoka amekuambia. Mchungaji amekuambia mbele ya Mungu. Kila tukikuambia unatoa daftari, unaandika, unasema asante. Tukasema labda wasomi hufanya hivyo."

Nilirudi nyumbani kulichukua daftari hilo, nikalisoma upya nikiwa nimesimama. Kurasa sita. Maonyo kumi na tisa, kila moja na tarehe yake na jina la msemaji, yamenakiliwa kwa uaminifu wa hali ya juu na mtu asiyeelewa hata moja. Kwa miaka mitano nimewaandikia wanakili waliokufa maneno makali kwa kosa hilohilo.

Nilipomrudia Mama Mutheu alikuwa ameshaamua.

"Kesho mwethya itakuja."

Mwethya, kwa msiojua, ni kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu. Nami, mtu wa haki, nikamweleza kwamba sistahili, kwa kuwa sijamfanyia mtu yeyote kazi hata siku moja.

"Wewe hapana," akakubali upesi mno. "Lakini nyumba yenu iko na siku nne."

"Siku za nani?"

"Za Mama Wairimu. Kwani Jumamosi alikuwa anaenda wapi? Amechimba matuta kwa watu wanne. Langu ndilo la mwisho, lile pale." Akanionyesha tuta refu, udongo wake bado mwekundu. "Anachimba kuliko hawa wa hapa."

Nililitazama lile tuta kwa muda. Tuta huchimbwa kiangazi ili lizuie maji wakati wa mvua. Si kazi ya mtu anayefunga mizigo.

Jumamosi saa moja walifika wanawake tisa, na Musyoka, na mchungaji aliyekunja suruali. Tangi tupu walilishusha kama wanashusha kikapu. Kisha Musyoka akapiga safu ya juu nyundo moja, na mawe yakaachana bila kubisha.

"Mbona yanatoka kirahisi hivi?"

"Kutoka safu ya tatu niliweka simiti kidogo tu," akasema. "Nilijua zitashuka."

Nilishtuka. "Na tangi lingejaa, si tungekufa?"

Akanitazama kwa huruma. "Lijae na nini, Daktari?"

Wanawake waliangua kicheko kilichowaondoa ndege mtini. Nilibeba mawe. Kila nililobeba lilipewa jina: hili ni la Salama, hili ni la kanisani, hili ni lile lenye nyota. Kumbe Wairimu, aliyenisikia nikilisoma daftari kwa sauti, alikuwa amewasimulia yote kwa Kikamba.

Mwende alirudi saa saba. Alisimama langoni na sare yake nyeupe, akatazama mawe, wanawake, na mumewe mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mdomo kueleza.

"Mmefika safu ya ngapi?" akawauliza wenzake.

"Imebaki moja ya kutoa!"

Akavua viatu, akaingia kazini.

Saa kumi tangi lilikuwa limekaa juu ya safu mbili, mdomo wake chini ya gata, fupi kama mtu aliyekemewa. Saa kumi na moja na kitu mvua ilipiga mabati. Tulisimama chini ya ukingo, watu kumi na wanne, tukisikiliza. Kwanza gata, kisha bomba, kisha ile sauti nzito ya maji kuangukia tangi tupu. Mama Mutheu akapiga kigelegele. Wairimu akaweka sikio kwenye plastiki, akatangaza kwamba ndani kuna watu wanapiga makofi.

Nikamuuliza Mwende kwa sauti ya chini, "Ulijua tangu lini?"

"Mimi ni mtu wa Migwani, Baba Wairimu."

"Na Kitui town?"

"Niliangalia nyumba moja huko mwezi wa tisa. Ni nzuri. Iko na mfereji jikoni." Akakamua leso yake. "Lakini nilikuwa nimewaahidi hawa matuta. Halafu nikasema wacha ningoje nione kama utauliza mtu."

Funzo nililolipata, wakuu: kupima sana si sawa na kupima panapotakiwa. Na ukihamia mahali, waulize waliokutangulia kabla hujawafundisha. Maji ya bafuni siku hizi hutoka taratibu mno, na hakuna anayelalamika, hata mimi.

Ninaandika haya kwa vidole viwili, kwa sababu viganja vina malengelenge. Siku nne za Mwende zimekwisha, na sasa ni zamu yangu. Jana tulikuwa kwa Musyoka. Mawe ya zile safu tano tumeyapanga kando ya mlango, na jioni majirani huja kuyakalia na kuyataja kwa majina.

Karibuni mtoe maoni, na mliohamia Ukambani mnieleze kiangazi chenu cha kwanza. Ombi langu ni moja tu: mwenye neno la kunikosoa aliseme waziwazi, bila upole. Akinipa kwa upole, nitaliandika kuwa ni pongezi.