Sita Inatoka Wapi

Mwalimu Asumpta alikuwa amepanga kupukuchua mahindi Jumamosi ile. Badala yake alisimama kwenye majani yenye umande nje ya mji wa Songea, kitenge amekifunga juu ya suruali ya michezo ya binti yake, akisubiri kufundishwa kurukaruka. Alikuwa mama mnene, aliyefundisha Hesabu katika shule moja ya msingi huko Mjimwema tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi.

Mwezeshaji wa semina ya walimu, kijana aitwaye Dennis, alikuwa amefunga kamba kati ya mikaratusi miwili, usawa wa kifua. Walimu wote wavuke juu yake. Mmoja akiigusa, wote wanarudi mwanzo.

"Na hii inahusiana vipi na darasa?" Asumpta aliuliza.

"Mtajionea wenyewe, mama."

"Mngetuambia tu, tukaenda nyumbani."

Saimon, mwalimu wa michezo, aliruka wa kwanza kama swala. Wenye nguvu wakamfuata, wembamba wakabebwa. Mwishowe walibaki Asumpta na Mwalimu Edna, ambaye hata ndoo ya maji humshinda. Wenzao wakaanza kupiga makofi kule ng'ambo.

"Unaweza, mama! Jitahidi tu!" Saimon alipaza sauti.

Asumpta alijaribu, kamba ikamkwama tumboni. Filimbi ikalia, wote wakarudi. Walipoanza tena mambo yakawa yale yale, na safari hii mtu akacheka. Asumpta akashika kiuno.

"Saimon, makofi yako yananinyanyua? Wenzangu mmebebwa mkavuka, mimi nabaki naambiwa naweza. Naweza nini? Rudini wote huku!"

Walirudi wamenuna. Akawapanga mwenyewe: wanaume wawili wavuke kwanza wampokee, halafu yeye na Edna, huku wengine wenye nguvu wakiwanyanyua. Saimon awe wa mwisho kabisa, kwa kuwa yeye hahitaji mtu. Wakambeba wakiguna, wakamshusha ng'ambo uso ameukunja. Dennis alipoanza kueleza habari za ushirikiano, Asumpta alikuwa anatafuta viatu vyake.

Jumatatu, darasa la sita, aliandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Mkono wa Pankrasi ulikuwa juu kabla chaki haijawekwa chini. Akaja, akapata tano ya sita, darasa likampigia makofi. Nyuma kabisa, Mwanaisha alikuwa ananakili kimya.

"Na wewe Mwanaisha, jitahidi, unaweza," Asumpta alisema, kama alivyozoea kusema. Yalikuwa maneno yale yale ya Saimon kule kwenye kamba. Hasira zikampanda, na hakujua amkasirikie nani.

"Futa," akamwambia Pankrasi.

"Lakini mwalimu, nimepata!"

"Najua umepata. Futa. Mwanaisha, njoo mbele. Pankrasi, simama naye umsaidie, ila chaki usiiguse."

Pankrasi akanong'ona jibu, akakemewa. Mwanaisha akasema akiangalia sakafu:

"Mwalimu, hiyo sita inatokaga wapi?"

"Sita gani?"

"Ya chini. Hapa kuna mbili na tatu. Sita inatokaga wapi?"

Asumpta akaligeukia darasa. "Nani mwingine hajui?"

Mikono ikanyooka mmoja mmoja, ikapita nusu ya darasa.

"Mungu wangu! Na kila siku mnaniitikia kwamba mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" wakaitika wote.

Akamwambia Pankrasi aeleze. Pankrasi akataja hatua tu. Alijua kukokotoa, hakujua kwa nini. Basi Asumpta akachana karatasi ya daftari, akaikunja sehemu mbili sawa, akamfanya Mwanaisha aikunje tena sehemu tatu, aikunjue na kuhesabu vipande.

"Vimekuwa sita," Mwanaisha alisema, akavihesabu upya.

Wiki ilipokwisha, mwalimu mkuu, Azizi, alisimama mlangoni. "Mwalimu Asumpta, wenzako wako kwenye asilimia. Wewe bado sehemu?"

"Bado, mkuu. Waulize wa nyuma sita inatoka wapi."

Azizi akamuuliza Thadeo, mtoto wa dawati la mwisho. Thadeo akaeleza vizuri kabisa. Azizi akaridhika, akampa robo jumlisha theluthi. Thadeo akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akaandika mbili ya saba.

Asumpta akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umeona sasa, mkuu?" Akafuta ubao, akachukua karatasi nyingine. "Thadeo, njoo hapa mbele."