Maandishi Mnayoyasifu Humu ni ya Marehemu Dada Yangu

Admin, salaam aleikum. Ukiiweka hii naomba jina langu lisionekane, na wale watakaonijua kwa kisa chenyewe wasinitaje kwenye komenti. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, niliolewa nikaachika, sasa niko kwa mama yangu hapa Mtopanga, nashona madera. Naandika huku nalia, mkiona makosa mnisamehe.

Juzi uliuliza humu tusome nani mtandaoni, kila mtu ataje blogu anayoipenda. Nilifurahi, kwa sababu mimi kusoma nilifundishwa na dada yangu. Ndiye aliyekuwa akinitumia linki: msome huyu mama wa Likoni anavyoandika habari za wagonjwa anaowauguza, msome huyu kijana anayeandika mapishi ya bibi yake mpaka unasikia njaa. Nikasema nami nitawataja hao. Kabla sijaandika nikaona watu wanataja jina moja, huyu baada ya huyu. Mmoja kasema bwana huyo humtuliza moyo, mwingine kasema asiyemsoma hajasoma kitu. Na wewe admin ukaiweka linki yake juu kabisa.

Jina hilo ni la shemeji yangu, mume wa marehemu dada.

Nikafungua. Cha kwanza kilikuwa kisa cha fundi wa majiko ambaye mikono yake ilikufa ganzi kwa kushika bati la moto, ikawa uji wa watoto wake anaupima joto kwa mdomo kabla hajawapa. Huyo ni baba yetu. Huo uji nimeunywa mimi. Dada alikiandika baba alipofariki, akakiweka kwenye blogu yake, ambayo aliiandika kwa jina la kubuni kwa sababu alikuwa mtu wa haya. Tuliomsoma tulikuwa wachache. Shemeji kabadilisha mahali pamoja tu: "sisi binti zake" imekuwa "mimi mwanawe". Baba yake yeye alikuwa karani, na yuko hai mpaka leo. Nikasoma cha pili na cha tatu, vyote vya dada. Nikaitafuta blogu yake, haipo, imefutwa. Neno la siri alikuwa nalo mumewe.

Dada alikufa kwa maradhi ya figo, akaacha mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Sasa mtoto ana miaka minne, anakaa na babake Nyali, na huletwa kwetu baba anapopenda. Mama yangu anaishi kwa kumngoja. Akisikia gari tu hutoka mlangoni na mtandio mkononi, hajajitanda.

Sikumwambia mama kitu, nikamfuata shemeji kwake. Alinikaribisha vizuri, akaniletea sharubati. Nilipomwuliza hakukana. Alisema baada ya msiba alikuwa akivisoma apate kupoa, siku moja akakiweka kimoja kwenye ukurasa wake, watu wakamwandikia kwa machozi wakidhani ni chake, naye akashindwa kuwasahihisha. Baadaye akaanza kualikwa huku na huku. Alilia, wallahi, nami nikalia naye. Nikadhani yamekwisha. Nikamwomba aandike tu kwamba ni vya mkewe.

Akajifuta uso, akasema, "Shemeji, mimi vimeniishia. Najua simu yake mnayo nyinyi, na humo mna vingi hakuwahi kuvitoa, hasa kile alichokiandika hospitalini. Nikikikosa hicho nitajua umekificha. Nipe simu, na mtoto atalala kwenu kila wikendi. Ukitaka kunitangaza nitangaze, lakini mtoto hamtamwona."

Hakupaza sauti. Mtoto alikuwa pale pale, amenilalia mapajani.

Nikarudi nikamwambia mama yote, nikijua atawaka. Mama kusoma hajui, dada ndiye aliyekuwa akimsomea. Aliniuliza kama mtoto amenenepa. Kisha akasema nimpe. Nikamwambia, mama, yale ni maneno ya mwanao, ndiyo yaliyobaki.

Akaniambia, "Kilichobaki ni huyo mtoto. Mpe simu."

Tangu siku hiyo tunakula sahani moja bila ya kuzungumza.

Simu nimeifungua. Cha hospitalini nimekisoma. Dada anamwandikia binti yake, akisome akiwa mkubwa. Anamweleza alivyombeba tumboni, alivyotaka aitwe, na kwamba asidhani mamake alichoka kumpenda, ni mwili uliochoka. Shemeji akikipata atakibadilisha kidogo tu kama alivyokibadilisha kile cha baba, nanyi mtakisoma humu na kumwombea dua. Na iko siku mtoto atakisoma na jina la babake chini yake, asijue kuwa mamake aliwahi kumwambia neno.

Najua mtasema nivihamishe vyote kwenye simu yangu ndipo nimpe. Nimeshavihamisha. Lakini siku nikisema ni vya dada, nani kati yenu ataniamini mimi mshona madera, nimseme bwana mnayempenda? Simu yenyewe ndiyo ushahidi wangu. Na nikimnyima, mama yangu sukari inampanda kila anapokasirika, sijui kama atakuwepo mtoto atakapokua na kuja mwenyewe.

Shemeji anakuja Ijumaa baada ya sala kutaka jibu. Mama ameshaosha neti, amemtundikia mtoto kitandani kwangu, na mimi amenitandikia godoro chini.

Mama yangu msimtukane, tafadhali. Aliyewahi kupita hapa anishike mkono. Niitoe simu au nikatae? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?