Kwaya Ilipokuja Kubariki Ghorofa Langu

Kosa ni langu, simu msiisingizie. Mimi ni katibu wa kwaya hapa Ihanda, lakini jioni hucheza mchezo wa kwenye simu wa kujenga kijiji, pamoja na wenzangu wa Kamuli na Mwanza. Wiki iliyopita nilitaka kuunganisha chumba cha kuchati cha mchezo na kundi letu la wachezaji, ili ujumbe ufike kote. Kidole kikagusa kundi la kwaya, mimi sina habari.

Nikaandika kwa madaha: "Nimemaliza ghorofa langu. Jumamosi saa nane karibuni, nachinja ng'ombe wawili."

Majibu yakamiminika. "Amina." "Tutakuja kuibariki nyumba." Nikafurahi kwamba wachezaji siku hizi wana adabu.

Jumamosi nimekaa mlangoni, simu mkononi, nasubiri wageni waingie mchezoni. Mara kwaya nzima ikatokea migombani ikiimba, imevaa sare, mwenyekiti wetu akiwa mbele, na mkungu wa ndizi umefungwa kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Ghorofa liko wapi?"

Nikamnyooshea simu. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Na ng'ombe?"

"Wamo humo humo, mama."